Nani Anaisoma China kwa Niaba ya Colombo?

Kijana aliyekuwa akiwaongoza watalii wa Kichina kwenye Makumbusho ya Taifa ya Colombo, Sri Lanka, alikizungumza Kichina kwa kasi, na wageni wake walicheka kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nilisimama nyuma yao nikingoja. Walikuwa wameliziba jiwe nililolifuata.

Jiwe lenyewe liliachwa na msafara wa Zheng He, yule amiri Mwislamu ambaye merikebu zake zilifika mpaka kwetu Malindi. Limeandikwa tarehe ya mwaka 1409. Lilikuja kugunduliwa Galle, kusini mwa kisiwa, mwaka 1911, likiwa limefunika mtaro wa maji. Lina maandishi ya lugha tatu. Ya Kichina yanamtukuza Buddha. Ya Kitamil yanamsifu mungu wa Kihindu wa Tenavarai. Ya Kiajemi yanamtaja Mwenyezi Mungu. Orodha ya sadaka inakaribia kuwa ile ile kotekote: dhahabu, fedha, hariri, mafuta. Kila aliyeisoma aliona zimetolewa kwa heshima ya mola wake.

Wageni walipotoka kupiga picha nilimuuliza kijana kama anaweza kulisoma.

"Kichina cha kale hiki, kaka. Naokota neno moja moja."

Kitamil je? Anakisikia, hakisomi. Kiajemi? Akainua mabega. Tukazungumza kidogo. Alikuwa amesomea Kichina chuo kikuu nchini kwake, akaenda China kwa ufadhili wa serikali ya huko, akarudi na hamu ya kuandika tasnifu juu ya safari hizo za Zheng He. Nafasi ya kufundisha hakuipata. Watalii wanalipa, akasema, kisha akawafuata.

Mimi nilikuwa Colombo kwa mambo ya bandari, si ya historia. Nilirudi Mombasa, kazi zikaendelea, lakini yule kijana hakunitoka kichwani kwa wiki kadhaa. Katika nchi ambayo dunia nzima huitaja kila China inapozungumzwa, ni nani hasa ambaye kazi yake, kwa mshahara wa nchi yake, ni kuijua China?

"Tutakuwa kama Sri Lanka"

Aliyekuwa Mombasa mwishoni mwa 2018 anakumbuka. Barua ilivuja, ikazunguka kwenye simu, na kila kibaraza kikawa na mtaalamu wake: bandari yetu imewekwa rehani kwa ajili ya reli ya SGR, Mchina ataichukua kama alivyochukua bandari ya Hambantota kule Sri Lanka.

Hambantota. Jina lile tulilitamka kana kwamba ni mtaa wa pili baada ya Likoni.

Ila hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelisikia kutoka kwa mtu wa Sri Lanka. Tulilipata kutoka magazeti ya Marekani, na kwa wafafanuzi wa Delhi. Beijing nayo ilikuwa na hadithi yake ya kujibu, ambayo pia ilitufikia ikiwa imeshapikwa. Wenyewe walikuwa wapi? Nilidhani hawakuandika.

Waliandika. Nilipoanza kutafuta, nikampata mwanauchumi Umesh Moramudali, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akieleza jambo ambalo mtu yeyote wa bandari angepaswa kulijua. Mwaka 2017 serikali ya Sri Lanka iliikodisha Hambantota kwa kampuni ya China Merchants Port kwa miaka 99, ikapokea dola bilioni 1.12. Fedha hizo hazikufuta mkopo wa kujengea bandari. Mkopo ulibaki pale pale, serikali ikiendelea kuulipa. Dola ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni, kwa sababu nchi ilikuwa inakabwa na madeni mengine, hasa hati fungani ilizouza kwenye masoko ya kimataifa.

Kwa hiyo ile hadithi ya kibarazani, kwamba ulishindwa kulipa ukanyang'anywa, haikuwa hivyo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata makala nzuri ya kuwatetea Wachina, na najua wangapi wangeisambaza. Ila mwaka 2022 Moramudali na mwenzake Thilina Panduwawala walitoa utafiti mwingine ambao uliwakera watu wa upande wa pili. Siku hizo ilikuwa kawaida kusema kwamba China inadai asilimia 10 au 15 tu ya deni la nje la Sri Lanka. Wao walikaa na takwimu za serikali yao, wakaongeza mikopo iliyokuwa imeandikwa kwa jina la mashirika ya umma, wakakuta kwamba kufikia mwisho wa 2021 ilikuwa karibu asilimia 20.

Angalia walichofanya. Waliivunja hadithi ya Washington kwanza, kisha wakaivunja ile iliyoipendeza Beijing, na mara zote mbili chombo chao kilikuwa madaftari ya Colombo.

Na utafiti huo wa 2022 ulichapishwa wapi? Kwenye kituo cha chuo kikuu cha Johns Hopkins, Washington, ambacho jina lake linasema kinachunguza China na Afrika. Watu wa Sri Lanka wakiandika juu ya Sri Lanka, makao yao yakawa chini ya paa letu, na paa lenyewe liko Marekani.

Watawa waliotangulia

Hapo nilikuwa nimeshajenga dhana yangu: nchi ndogo zinaanza kuisoma China zikiwa zimechelewa, baada ya mkopo kusainiwa. Nilikuwa tayari kuiandika hivyo. Kisha nikaingia kwenye historia ya watawa wa Kibudha na dhana ikaanza kuyumba.

Mtawa Faxian aliondoka China mwaka 399 kwenda kutafuta vitabu vya sheria za utawa, na mwishoni mwa safari yake aliishi Sri Lanka miaka miwili. Ameandika mwenyewe kwamba siku moja Anuradhapura, kwenye nyumba ya watawa ya Abhayagiri, alimwona mfanyabiashara akitoa sadaka upepeo wa hariri nyeupe kutoka China. Miaka mingi alikuwa hajaona kitu cha kwao. Machozi yakamtoka.

Miongo michache baadaye watawa wa kike wa Sri Lanka walipanda merikebu kwenda Nanjing. Wanawake wa China walitaka kuingia utawa kwa utaratibu kamili, na kwa utaratibu huo lazima wawepo watawa wa kike waliokamilika wa kuwapokea. Kundi la pili lilipofika, miaka ya 430, lililoongozwa na mwanamke ambaye Wachina wameandika jina lake kama Tiesaluo, idadi ilitimia na zaidi ya wanawake 300 wakapokewa. Habari hizi tunazo kwa sababu Wachina waliziandika.

Kisha huko Sri Lanka safu ya watawa wa kike ikakatika, yapata karne ya 11, enzi za vita. Ikabaki imekatika karibu miaka elfu moja.

Mwaka 1998 wanawake wa Sri Lanka walipokewa upya huko Bodh Gaya, India, katika sherehe iliyoandaliwa na Fo Guang Shan, nyumba ya watawa ya Taiwan inayofuata mapokeo ya Kichina. Wapinzani walisema hii ni safu ya kigeni. Waliounga mkono walikuwa na jibu: hii ni ya kwetu, tuliipeleka wenyewe, na ushahidi uko kwenye vitabu vya Kichina.

Mabishano hayajaisha hadi leo, nami si Mbudha wa kuyaamua. Lakini yalinifundisha kitu. Kwa wanawake wale, kujua kilichoandikwa kwa Kichina katika karne ya 5 lilikuwa jambo la haki yao wenyewe. Hawakwenda kuisoma China ili kuelewa "mshirika wa maendeleo". Walikwenda kutafuta cheti chao.

Kuna na Vimuttimagga, mwongozo wa kutafakari ambao wengi wanauhusisha na Sri Lanka. Kitabu kizima kimesalia kwa Kichina tu, kwa tafsiri ya karne ya 6. Watawa wawili wa Colombo, Soma na Kheminda, walishirikiana na Mjapani N.R.M. Ehara kukitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1961. Chuo Kikuu cha Ceylon (ndilo jina la zamani la Sri Lanka) nacho, katika miaka ya 1950, kilikuwa na mtaalamu wa Kichina, W. Pachow, akiandika juu ya mahusiano ya kale ya nchi hizo mbili.

Maana yake nchi hii ilikuwa na mbegu ya elimu ya China kabla ya bandari, kabla ya barabara kuu, kabla ya mikopo ya Benki ya Exim ya China. Mbegu ile ilikuwa na swali la nyumbani ndani yake.

Ilikwenda wapi?

Mchele na mpira

Kabla ya kujibu, kuna jambo lililonikwamisha zaidi.

Mapatano bora ambayo Sri Lanka imewahi kuyapata kutoka China, kwa maoni yangu, ni ya Desemba 1952. Bei ya mpira ilikuwa imeporomoka. Mchele ulikuwa adimu na ghali. China ilikuwa kwenye vita vya Korea, imewekewa vikwazo, na inahitaji mpira kwa udi na uvumba. Ceylon haikuwa hata na ubalozi Beijing; uhusiano rasmi wa kibalozi ulikuja 1957. Serikali yenyewe ilikuwa ya mrengo wa kulia, haipendi ukomunisti hata kidogo.

Waziri wa Biashara, R.G. Senanayake, akaenda. Akarudi na mkataba wa miaka mitano: tani 270,000 za mchele kila mwaka kwa tani 50,000 za mpira, na mpira ukinunuliwa kwa bei iliyozidi ya soko. Marekani ikakasirika, ikanyima misaada. Ceylon ikavumilia. Utaratibu huo uliendelea kufanywa upya mpaka miaka ya 1980.

Hapakuwa na taasisi ya mafunzo ya China. Hapakuwa na kundi la wasomi waliorudi kutoka Beijing. Palikuwa na watu waliojua bei ya mpira, wakajua matumbo ya wananchi wao, na wakajua ni nani anayeuhitaji mpira huo kuliko wengine wote.

Nililala na jambo hili. Kama mapatano ya 1952 yaliwezekana bila wanazuoni wa Kichina, basi huruma yangu kwa yule kijana wa makumbusho ni ya nini? Labda nchi ndogo haihitaji wajuzi wa China. Labda inahitaji tu wajuzi wa nafsi yake.

Nimeligeuza mara nyingi, na hapa ndipo nilipofika. Mkataba wa 1952 ulikuwa wa vitu viwili vinavyopimika kwa mizani: gunia na robota. Chukua mkopo wa awamu ya kwanza ya Hambantota, dola milioni 307 kwa riba ya asilimia 6.3. Huo una mkandarasi, una benki ya serikali inayotekeleza sera zake, una bima, una sheria itakayotumika mkigombana. Ndani ya China wenyewe kuna wizara, benki na makampuni ya serikali ambayo hayavuti upande mmoja. Asiyejua nani kati yao ana haja gani, hajui hata amwombe nani nafuu.

Mwaka 2022 Sri Lanka ilipotangaza kwamba haiwezi kulipa, wadai wengi wa kiserikali walikaa kwenye kamati moja iliyoongozwa na Ufaransa, India na Japan. Benki ya Exim ya China ilibaki nje, ikajadiliana peke yake, mpaka yakafikiwa mapatano ya awali Oktoba 2023 juu ya dola zipatazo bilioni 4.2. Meza mbili, desturi mbili. Kwenye ile ya pili, kujua bei ya mpira hakutoshi.

Anayelipa ada

Sasa ile mbegu.

Leo Kichina kinafundishwa Sri Lanka kuliko wakati wowote. Chuo Kikuu cha Kelaniya kina Taasisi ya Confucius, na Colombo pia ipo. Walimu wanatoka China, vitabu vinatoka China, na wanaofanya vizuri wanakwenda China kwa ufadhili wa China. Sisi hapa tunaujua mpangilio huo vizuri. Nairobi ilipata taasisi yake mwaka 2005, ya kwanza Afrika, na Dodoma na Dar es Salaam zikafuata.

Sioni ubaya wa mtu kujifunza lugha kwa gharama ya mwingine. Waingereza walitufundisha kwa sababu zao, tukaitumia kwa zetu. Nikisikia watu wakisema Confucius ni mtego huwa nawauliza kwa nini wizara zao hazikuweka hata dawati moja la Kichina kwa fedha zao. Kimya.

Shaka yangu iko kwingine. Anayelipa ada huleta na mtaala, na mtaala wa kufundisha lugha kwa wageni hutengeneza wakalimani. Watalii wa Kichina walipopita 200,000 kwa mwaka katikati ya muongo uliopita, wakalimani wakapata ajira, na kampuni za ujenzi zikawachukua waliobaki. Mwenye kutaka kuuliza benki za China zinaamuaje, au kulinganisha kumbukumbu za Kichina na za Kisinhala kuhusu mwaka 1411, Zheng He alipopigana na mtawala wa kisiwa na kumchukua mateka hadi China, huyo hana pa kukaa. Mwaka 1411 si mada ya sherehe za urafiki. Asiyekuwa na mshahara wa nchi yake ataandika juu ya jiwe na kuviacha vita.

Upande wa pili uko hivyo hivyo. Vituo vya sera vya Colombo vinapata pia fedha za mikutano kutoka Magharibi na India, na mada zinakuja na majibu yake: bandari ya kijeshi, meli ya upelelezi. Meli ya Yuan Wang 5 ilipotia nanga Hambantota Agosti 2022, dunia nzima ilikuwa na maoni. Ukiwa mtafiti wa Sri Lanka unayetaka kupigiwa simu na televisheni za nje, ulijua unatakiwa useme nini.

Hakuna anayelipa mtu akae katikati.

Mwezi Mei 2021 bamba la uzinduzi wa maktaba ya kidijitali katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu lilionekana likiwa na Kisinhala, Kiingereza na Kichina. Kitamil, ambacho ni lugha rasmi ya nchi, hakikuwepo. Watu walipiga kelele, likaondolewa. Wengi waliligeuza kuwa kesi ya ubeberu wa China. Mimi naona Mchina hakuwa na kosa kubwa pale. Aliyepaswa kukumbuka Kitamil alikuwa ofisa wa Colombo, ndani ya jengo la sheria. Hata lile jiwe la 1409 lina Kitamil. Kisinhala ndicho halina.

Ningeanza wapi

Rafiki yangu anayefundisha chuo kikuu hapa pwani alisoma rasimu ya makala hii akaniambia kwamba jibu ni kigoda: profesa mmoja, maktaba, jarida, wanafunzi wa uzamili. Mwanazuoni wa China hatengenezwi kwa chini ya miaka kumi, alisema, na ana haki. Lugha peke yake inakula minne au mitano. Kichina cha kale ni safari nyingine.

Nakubaliana naye kuhusu muda. Kuhusu mahali pa kuanzia, hapana.

Kigoda katika nchi iliyofilisika kitakuwa cha kwanza kuombewa ufadhili, na tunajua utatoka kwa nani. Mimi ningeanza Hazina. Ningechukua wahitimu watatu wa Kichina kabla kampuni za ujenzi hazijawachukua, niwakalishe na watu wa madeni, kila mmoja na faili la mkopo mmoja, kuanzia barua ya kwanza ya maombi mpaka marejesho ya mwisho. Mmoja ningempeleka akasomee sheria ya China, kwa sababu mikataba hii ina tabia ya kuelekeza ugomvi Beijing. Wetu wa SGR, kurasa zilipotolewa hadharani Novemba 2022, ndivyo ulivyosema: sheria ya China, usuluhishi Beijing. Nilipousoma nilijiuliza ni wakili gani wa Serikali ya Kenya anayeweza kusimama pale bila mkalimani aliyekodiwa.

Baada ya miaka saba au minane wale watatu wangekuwa na maswali ambayo hayapo kwenye mtaala wa mtu yeyote. Hapo ndipo ungekuja wakati wa kigoda, na yule wa vita vya 1411 angepata mlango wa kuingilia, kwa sababu idara ingekuwa ya nchi.

Rafiki yangu akacheka. Watakimbia, akasema. Ukishamfundisha mtu Kichina na mikopo, kampuni ya kwanza itamlipa mara nne. Vyuo vya Sri Lanka vinawasainisha wahadhiri wanaokwenda kusoma nje dhamana ya kurudi kutumikia, na bado wapo wasiorudi. Baada ya 2022, kodi zilipopanda na rupia ikaporomoka, hata waliokuwa nyumbani walifunga mabegi.

Sina dawa ya hilo. Dhamana inaweza kumrudisha mtu kwenye kiti kwa muda, lakini mshahara ukibaki ule ule atalipa fidia na kwenda zake, na mimi nisingemlaumu, kama nisivyomlaumu kijana aliyewafuata watalii wake.